Madabodi ya AM5 kwa wanaopenda kuovakloki: nimeijaribu kwenye kufufuka, sio kwenye spidi

Rivyuu nyingi za madabodi zinakwambia imefika spidi ngapi, taa zake zinabadilika rangi vipi, ina matundu mangapi ya USB, basi imeisha. Mi kwenye madabodi nauliza kitu kimoja kabla ya vyote, nikiivuruga setingi ikagoma kuwaka narudi vipi? Kwa sababu kama unaovakloki, yaani unasukuma prosesa au RAM zipite spidi yake rasmi, hiyo siku itafika tu, na hapo ndo utajua kama ulinunua bodi au ulinunua taa.

Hii ninayoiongelea ni ya soketi ya AM5 (ya prosesa za AMD Ryzen), RAM za DDR5, daraja la kati, sio ile ya chini kabisa wala ile ya mashindano. Jina silitaji, maana kasoro yake kubwa nitakayoisema huko chini inapatikana kwenye bodi nyingi za daraja hili na sitaki mtu adhani akihama kampuni amepona. Niliiweka setingi mbaya makusudi, tena za aina tofauti, nione inavyojitetea.

Nilianza na RAM maana huko ndo kompyuta nyingi zinagomea. Watu wengi wanawasha EXPO au XMP (profaili ya spidi iliyopangwa tayari ndani ya RAM) kwenye bayosi (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta na kushika setingi) na kuona wamewasha tu kitu ambacho tayari kilikuwa chao, kumbe hiyo ni ovakloki kamili. DDR5 ukiiacha bila kuigusa mara nyingi inaamka na spidi ya 4800, na prosesa za Ryzen 7000 AMD wenyewe wanazikubalia rasmi mpaka 5200 ukiwa na RAM mbili, sasa ukiweka profaili ya 6000 ushavuka mstari hata kama boksi la RAM limeandikwa 6000 kwa herufi kubwa. Mi nikapanda juu ya hiyo profaili, nikabana na taimingi (muda RAM inaosubiri kabla ya kujibu), nikasevu nikatoka. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii.

Sasa hapa bodi ikapata maksi zake za kwanza. Pembeni ina vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na kinachobaki kimewaka ndo pale ilipokwama. Kikaganda cha DRAM, kwahiyo hakuna haja ya kuanza kuchomoa kadi ya grafiki wala kulaumu pawa saplai. Vitaa hivi vinaonekana vya kijinga mpaka siku utakapokaa mbele ya bodi isiyo navyo unabahatisha kila kitu. Bodi za daraja la juu zina kidirisha kabisa kinachotoa kodi za tarakimu mbili, kwa mfano 55 kwenye bodi nyingi zenye bayosi ya AMI ni kwamba RAM haionekani, na D6 ni kwamba hakuna pa kutolea picha. Ni kizuri ila kwangu vile vinne vinatosha asilimia kubwa.

Ila kabla hujafanya chochote SUBIRI. Naandika kwa herufi kubwa maana hapa watu wanajiumiza wenyewe. DDR5 kwenye AM5 ukibadilisha setingi za RAM, au ukifuta setingi za bayosi, bodi inaanza upya kuzipima RAM zako, ipi inakubali nini, na muda wote huo skrini ni nyeusi na kitaa cha DRAM kimewaka, unaona kama imekufa kumbe iko kazini. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ukiwa na RAM nyingi inachukua zaidi. Mtu anaona sekunde thelathini zimepita anazima kwenye soketi, anawasha, kazi inaanza mwanzo, anazima tena, mwisho anaandika RAM ni mbovu. Acha iwake, kanywe maji, rudi. Kitabu cha bodi hii kina mstari mmoja tu kuhusu hilo, tena umefichwa kurasa za nyuma, na kwa kitu kinachotisha watu wengi kiasi hiki ni uzembe.

Kujirudisha yenyewe sasa. Bodi za siku hizi zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo zinatakiwa zitupe setingi zako na kuamka na za kiwandani, halafu zinakwambia kwenye skrini ovakloki imefeli ingia urekebishe. Hii yangu nilipoweka spidi ya juu kupita kiasi ilijizima na kujiwasha yenyewe, ikarudi bila mimi kugusa kitu, safi kabisa. Lakini nilipoacha spidi ya kawaida nikabana taimingi na kupunguza volti, hapo ikachanganyikiwa, maana ilikuwa inavuka kile kipimo cha RAM halafu inaganda mbele kidogo, kwahiyo yenyewe inaona imewaka na haina sababu ya kurudi nyuma. Unakaa na bodi ambayo haijafa na haijapona. Hapo hakuna namna ni kufuta CMOS (kumbukumbu ndogo inayotunza setingi za bayosi) kwa mkono.

Na hapa ndo ile kasoro. Hakuna kitufe. Kampuni imeweka pini mbili tu za kufuta, na pini zenyewe na ile betri ya CR2032 vyote wameviweka chini ya kadi ya grafiki!! Yaani ili nifute setingi natakiwa nizime, nichomoe waya wa umeme, nifungue kasha, nichomoe kadi yenye uzito wa tofali, ndo nifikie pini ziguswe na ncha ya bisibisi kwa sekunde chache. Ukibadilisha setingi kidogo kidogo jioni nzima kama wanavyofanya wanaoovakloki hiyo kazi inakuchosha mapema sana, na kila ukiichomoa hiyo kadi unakihangaisha kile kishikizo cha sloti ambacho nacho ni cha plastiki. Bodi ina mapambo ya taa mpaka kwenye hitisinki lakini kitufe cha kufutia wameona ni anasa.

Kuhusu hizo pini, kwenye bodi yako zinaweza kuandikwa CLRTC, JBAT1, CLR_CMOS au kitu kinachofanana, angalia kwenye kitabu usikisie, kuna pini zingine jirani ambazo hutaki kuzigusa na chuma. Umeme uwe umechomolewa, na ukishachomoa bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umalizie chaji iliyobaki ndani. Wanaosema toa betri uiache usiku kucha, hapana, umeme ukiwa umechomolewa kweli dakika chache zinatosha mara nyingi, na pini ni za uhakika zaidi kuliko betri.

Ukifuta na bado kitaa cha DRAM kimeng'ang'ania, toa RAM zote bakiza moja, iweke sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ile inayoitwa A2, jaribu, badilisha na nyingine. Ikiwaka na moja ikakataa na nyingine umepata mchawi.

Kitu kilichonifanya niipende bodi hii pamoja na ujinga wa kitufe ni kile kitundu cha USB cha nyuma cha kuweka bayosi upya bila prosesa wala RAM. ASUS wanaita BIOS FlashBack, Gigabyte wanaita Q-Flash Plus, MSI wao ni Flash BIOS Button, wazo ni lile lile. Flashi iwe FAT32, faili la bayosi ulibadilishe jina kama kitabu kinavyotaka maana ukikosea jina hakuna kinachotokea, pawa saplai iwe imechomekwa, bonyeza kitufe, kitaa kinapepesa, we usiguse kitu mpaka kizime. Kwenye hii imefanya kazi bila usumbufu. Hata kama bayosi yenyewe imeharibika, sio setingi tu, una njia ya kurudi, na hilo kwa bodi ya daraja la kati ni kubwa.

Ikishawaka msishangilie mapema, kila kitu kimerudi sifuri, saa, feni, diski ipi ianze. Kwenye bodi za Intel nimeona ukifuta setingi za bayosi ule mpangilio wa VMD (namna Intel inavyosimamia diski) unaweza kubadilika na Windows ikakataa kabisa na skrini ya bluu, watu wanaformati kompyuta kumbe ni swichi moja tu ndani ya bayosi. Na kama diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows) uwe na ile namba ndefu ya kufungulia KABLA hujaanza kuchezea, hasa kama utaweka bayosi mpya. Bodi hii inakuruhusu kusevu profaili ya setingi kwenye flashi, hilo nimelitumia sana, ingawa ukibadilisha toleo la bayosi profaili za zamani inazikataa, kwahiyo piga picha za skrini na simu pia.

Volti ndo sehemu pekee ambayo siwezi kuipa bodi yoyote msamaha. Mwaka 2023 kuna prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua, na AMD wakaja kuweka kikomo cha 1.3V kwenye volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) kupitia bayosi mpya. Hii niliyonayo kwa toleo jipya haikubali kupita hapo, nimejaribu, inagoma. Vizuri. Ukiwa na bodi ya AM5 yenye bayosi ya mwanzoni kabisa usiwashe EXPO kabla hujaweka bayosi mpya, maana prosesa ikishaungua kitufe, pini, betri, flashi, hakuna kitakachokusaidia.

Kwa ujumla naipa nne kati ya tano, hiyo moja imekatwa na kitufe na sina majuto. Anayewasha EXPO mara moja na kusahau achukue tu. Anayebadilisha taimingi kila wikiendi aangalie kwanza picha ya upande wa nyuma wa bodi wenye matundu ya USB, atafute kitufe kilichoandikwa Clear CMOS, na kama hakipo afungue kitabu aone pini zimekaa wapi kabla hajatoa hela.

Mi kwa sasa nimechukua waya wa kitufe cha RESET cha kasha nikauchomeka kwenye hizo pini mbili, kwahiyo nafuta nikiwa nje bila kugusa kadi, unachomoa umeme unabonyeza sekunde kadhaa unarudisha. Ila ukifanya hivyo waambie wa nyumbani hicho kitufe sio cha kurestati tena, maana kufuta CMOS umeme ukiwa unapita unaweza kuiua bodi kabisa.