Mbio za usiku kucha Uyole–Isyonje: nguo kavu nililipia, nikafungiwa nje

Njia yenyewe, kutoka Uyole kupanda hadi Isyonje na kurudi, sina neno nayo; iliwekewa alama vizuri na maji hayakukosekana. Hasira yangu iko Isyonje, ambako tuliahidiwa kwamba begi zetu za nguo kavu zingekuwa zikitusubiri. Nilifika usiku wa manane, kipupwe kikiwa kimepamba moto na fulana imelowa jasho, nikakuta begi zote zimefungiwa ndani ya Noah na dereva ameondoka na ufunguo. Begi langu nililiona kupitia kioo, mkono wa sweta ukiwa umechomoza kwenye zipu.

Kijana aliyeshika orodha, blanketi limemfunika hadi masikioni, alinijibu bila hata kuinua macho: “Dada, kwani baridi ya Mbeya huijui? Ungebaki nyumbani.” Mimi nimezaliwa Igawilo, baridi hiyo naijua tangu utotoni, na ndiyo sababu nililipia huduma ya begi. Mtu anapokimbia mwili huzalisha joto, lakini akisimama na nguo mbichi kwenye miinuko ile, joto hilo humtoka upesi mno. Nilitetemeka hadi nikashindwa kushika kikombe cha chai. Huko ni kuchezea uhai wa watu, na sitakuita kwa jina jingine.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote asijiandikishe. Lakini haki isemwe: mama muuguzi aliyekuwa Uyole, tulipomalizia, alinivua fulana ile, akanifunga kitenge chake na kuninywesha uji uliotiwa chumvi. Nilipoomba diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya mapaja alikataa katakata, akanieleza kwamba kwa mtu aliyepungukiwa maji na misuli yake kuumia, dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru figo. Akaniagiza niutazame mkojo, na ukitoka wa kahawia kama chai ya rangi nisingoje, niende hospitali. Kesho yake alinipigia simu kunijulia hali. Maumivu yalizidi siku ya pili, hasa nikishuka ngazi, kama alivyonitahadharisha, kisha yakapungua.

Kwa ajili ya mama yule ningejiandikisha tena leo hii. Ila begi nitamkabidhi kaka yangu anifuate na bodaboda, maana barua niliyowaandikia waandaaji kuhusu ufunguo ule mpaka sasa hawajaijibu.