Niliambiwa 26 imekufa: tairi pana, duka lisilo adabu

Tairi lenyewe ni zuri. Naliandika hili mwanzo ili mtu asije akadhani nimekasirishwa na tairi. Nimekasirishwa na duka moja mjini Unguja, na khasa na kijana wa kaunta, aliyeniuzia tairi pana la baiskeli kisha akafanya kila aliloweza upana wake usinifae.

Nina baiskeli ya mlima ya gurudumu la inchi 26, ya mtumba, fremu ya aluminiamu, nipo nayo miaka sasa. Fremu haina ufa, gia zinaingia, breki zinashika. Kilichokwisha ni matairi, yale membamba ya upana wa inchi 1.95 yaliyokuja nayo. Naishi Konde, kaskazini mwa Pemba, na anayeijua Pemba anajua kuwa huku tambarare ni chache: unashuka bonde la mpunga, unapanda kilima cha mikarafuu, unashuka tena. Udongo mwekundu ukirowa, tairi jembamba linakwenda linakotaka lenyewe. Ukitokea pwani kwenye maweni, jiwe la matumbawe linagonga ringi mpaka mikono inakufa ganzi. Ndiyo maana nilitaka 2.35. Nafasi kati ya tairi na fremu nilikwishaipima, mbele na nyuma, nikaona linaingia na uwazi unabaki.

Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Nikavuka na meli. Shughuli nyengine zilikuwepo, lakini moyo ulikuwa kwenye tairi.

Nikaingia dukani nikatoa salamu, Assalamu alaykum, kwa sauti ya kusikika. Kijana akanijibu kwa kidevu. Macho kwenye simu, kidevu juu mara moja, basi. Hili wengine watasema dogo. Kwangu si dogo hata kidogo. Mtu amekuja na fedha zake, amekutakia amani mlangoni mwako, wewe unamnyanyulia kidevu! Hata kama hutaki kumuuzia, mjibu.

Nikamwambia nataka tairi la 26 kwa 2.35. Akacheka.

"26 imekufa, mzee. Dunia nzima ipo 29. Wewe chukua baiskeli nzima." Akanionesha kwa kidole safu ya baiskeli mpya zinazong'aa. Kisha akauliza nakwenda kuiendesha wapi. Nikasema Pemba.

"Pemba? Kwani Pemba kuna njia za hizi? Si karafuu tu huko?"

Wateja wawili waliokuwa wamesimama pale wakacheka naye. Na mimi nimesimama na gurudumu langu mkononi, nimelibeba kutoka bandari ya Mkoani, Pemba.

Sasa tulizungumze hilo la kufa, maana limenikaa kooni. Gurudumu la 26 lilizaliwa na tairi pana. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Marekani ilitoa tairi nene la 26 kwa 2.125, na ni baiskeli kuukuu za namna hiyo ambazo vijana wa kaunti ya Marin, California, walizishusha milimani miaka ya sabini hadi zikazaa hizi tunazoziita za mlima. Ubembamba ulikuja baadaye. Kwa hiyo anayeniambia upana ni mambo ya 29 peke yake hajui anachokiuza.

Nikamuuliza, haya, huna la 26, una nini cha upana huo? Akatoa la 27.5. "Hili linaingia, ukilivuta vizuri." Wallahi alisema hivyo. Tairi la 27.5 kwenye ringi ya 26! Hii si fasheni tena, hii ni kumvunja mtu shingo. Ringi ya 26 ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Ya 27.5 ni 584, kipimo cha zamani cha Wafaransa walichokiita 650B. Ya 29 ni 622, ileile ya baiskeli za mashindano za barabarani, wamevisha tairi nono tu juu yake. Tazama basi: jina linasema 27.5 ipo katikati ya 26 na 29, na ukweli ni kwamba kati ya 559 na 584 pana milimita 25, na kutoka hapo kufika 622 pana 38. Majina haya ni ya kuuzia. Kipimo cha kweli kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa namba ndogo, na la kwangu lilitakiwa liandikwe 60-559, yaani upana wa milimita 60 kwa ringi ya 559. Nikamwonesha. Akasema, "Hizo namba za kiwandani, hazina maana."

Milimita 25 hazina maana! Tairi likae limelegea kwenye ringi, mtu ashuke nalo mteremko wenye mawe, halafu likichomoka namba hazina maana.

Siwabezi wenye 29. Rafiki yangu anayo, na kwenye maweni gurudumu lake kubwa linapita juu ya mashimo ambayo langu linaingia na kutoka. Hilo ni kweli na nimelikubali mbele yake. Lakini kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alichukua dhahabu juu ya 29 na Nino Schurter wa Uswisi akawa wa pili juu ya 27.5, na kilichowatenga ni sekunde moja. Sekunde moja baina ya wanaume wawili waliokuwa hodari kuliko wote! Basi mimi wa Konde usiniambie siwezi kupanda kilima changu mpaka nibadili baiskeli nzima. Tena pima mwenyewe: vaa tairi la inchi 3 kwenye ringi ya 27.5, na la 2.2 kwenye ya 29, kwa nje unene unazifanya zikaribie kulingana. Upana una neno kubwa kuliko wanavyotaka tujue, kwa sababu tairi linauzwa peke yake na haliuzi baiskeli mpya.

Aliyeniokoa ni fundi mzee aliyekuwa nyuma ya duka, amekaa chini anakaza spoki. Alisikia yote. Akanyanyuka kimya, akaingia ndani, akarudi na matairi mawili ya 26 kwa 2.35, yamejaa vumbi, ubavuni yameandikwa 60-559. "Haya hapa, ndugu yangu." Kijana akayapokea kutoka mkononi mwake, akayageuza, na papo hapo bei ikapanda. Kwa nini? "Haya adimu." Dakika tano nyuma kipimo kimekufa, sasa ni adimu. Nililipa, kwa kuwa meli nyengine kwangu ni gharama kuliko tofauti ile.

Na bado. Wakati wa kuvisha lile gurudumu nililokuja nalo, kijana alimwondoa fundi akalishika mwenyewe. Tyubu sikuiona vizuri, aliitia haraka. Akachukua mpira wa kompresa akajaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe. Nikamwomba apunguze. Nikamweleza kwa upole kwamba faida yote ya tairi pana ni kuliacha lilegee kiasi, lilambe ardhi, lizunguke jiwe badala ya kuligonga. Ukilijaza hivyo linadunda na linateleza kama lile jembamba. Akasema kwa sauti ya kuwachekesha watu, "Upepo wa bure nao Mpemba anaukataa?"

Nikaondoka.

Siku niliyolijaribu nilipita njia ya msitu wa Ngezi, upande wa kwenda Vumawimbi. Nilikwishapunguza upepo, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nakikosa miaka yote. Mizizi iliyokuwa ikinirusha kwenye tandiko nikaisikia kwa mbali tu. Kwenye mchanga laini, pale ninaposhukaga na kukokota, nikapita nimekaa. Nilikuwa nacheka peke yangu msituni.

Kisha tyubu ikapasuka. Haikuchomwa na mwiba. Ilijifungua kwenye mshono. Nilipoitoa nikaona maandishi: mwisho wake ni 1.75. Kijana alitia tyubu ya tairi jembamba ndani ya tairi la 2.35, ikavutika ikawa nyembamba mno, ikangoja siku yake. Kiraka hakikukaa. Nilikokota baiskeli hadi Konde jua likiwa limekwisha kuinama, na kila hatua namkumbuka na kidevu chake. Tyubu ya upana sahihi niliipata Wete kwa fundi anayekaa chini ya mwembe, bila maneno, tena akaniuliza mwenyewe: "Upepo unautaka vipi, ami?" Yule hana kaunta wala safu ya baiskeli mpya. Na kwa mafundi ninaowajua mimi vijijini, tyubu ya 26 ipo. Rafiki yangu wa 29 yake huagizia mjini.

Tangu hapo naendesha kwa upepo wa paundi 28 nyuma na 25 mbele. Mimi ni mtu wa kilo sabini na kidogo. Mzito zaidi aongeze, na asivuke mipaka iliyoandikwa ubavuni. Kwenye lami utahisi uzito, sitaficha. Kutoka Wete kurudi Konde miguu inajua.

Na masika nayo yamenifanya nilegeze maneno. Udongo wa vilima vyetu ukishika maji unanasa kwenye kashata za tairi pana, unajaa baina yake na fremu, na ule uwazi niliojivunia kuupima unazibika. Gurudumu la nyuma likagoma kabisa kuzunguka, nikachokoa udongo kwa kijiti. Lile jembamba halikuwa likinifanyia hivyo. Kwa hiyo ushauri wangu wa leo si ule niliokuwa nikiwapa watu mwezi ule wa mwanzo wa kuyatumia: weka 2.35 mbele, na nyuma, kama fremu yako ni ya zamani kama yangu, tosheka na 2.1 au 2.2. Kiangazi unaweza kuweka mapana yote mawili ukafurahi.

Kuhusu duka, nilitaka kusema mtu aende akamuulizie yule fundi mzee, kwa sababu anajua kazi na ana heshima. Lakini fedha anapokea kijana, na tyubu anatia kijana. Hapana, msiende. Tafuteni kwengine tairi lenye 60-559 ubavuni na tyubu ambayo upana wake unafika 2.35, na mlione linapovishwa. Atakayejua duka jengine mjini lenye mzigo huo aniambie, maana la mbele limeanza kulika katikati.