Old Boma, kwa macho ya fundi lipu

Nilifika gatini mapema kumpokea mama mkwe anayetoka Unguja, saa nzima kabla ya boti. Jua la Sokoine Drive mnalijua. Nikavuka barabara nikaingia Old Boma, jengo la kale hapa Dar es Salaam, ambalo nimelipita labda mara elfu na ndoo mkononi bila kugeuza shingo.

Mimi ni fundi lipu wa Mbagala, mwaka wa 23 huu na mwiko wangu, kwa hiyo msitegemee nisifie maonyesho. Yapo, yanaeleza majengo ya mji huu tangu enzi za Sultani, Mjerumani na Mwingereza. Mwenye kupenda kusoma atasoma. Mimi nilikwenda kwenye ukuta.

Ukuta wenyewe mnene, dirishani unaweza kumlaza mtoto akasinzia. Mawe ya matumbawe, chokaa, na juu boriti za mkoko. Vyumba vyembamba, na sababu ni boriti hizo hizo: kwa kawaida mkoko haukupi zaidi ya mita 3 hivi, basi chumba kinafuata mti. Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Nikaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hasa chini karibu na sakafu, maana huko ndiko ukuta unakoanza kuumwa. Mlio mzito, kama wa gogo. Kijana wa pale akanifuata.

“Shikamoo mzee. Kuna kitu umepoteza?”

“Marahaba. Hapana mwanangu, nasikiliza.”

Akacheka, akaniacha na ukuta wangu.

Sasa niwaambie nilikuwa nasikiliza nini. Miaka ya nyuma tulipata kazi kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini, jina nalimeza. Jengo la mkoloni, kuta za mawe hayo hayo. Tukaambiwa bandueni lipu yote ya zamani, pigeni ya simenti, ndoo moja kwa nne za mchanga, halafu rangi ya mafuta ing'ae. Mzee mmoja tuliyekuwa naye akanung'unika: ukuta huu unakunywa maji huku chini na kuyatoa jasho huku juu, mkiuziba yatatokea wapi? Nilimwona mshamba. Masika mawili hayakuisha, rangi ikavimba mapovu, ukiligusa povu linapasuka, ndani unga mweupe wa chumvi. Lipu ukiigonga inalia debe tupu. Wakaja wakubwa na mafaili, wakatazama, wakasema jengo limechoka, livunjwe.

Halikuchoka. Tuliliziba pua, mimi nikiwemo, na hela niliila.

Ukarabati wa Old Boma ulisaidiwa na fedha za Umoja wa Ulaya, milango ikafunguliwa tena 2017. Sisi kwenye tenda zetu tunakimbizana na siku. Chokaa haikimbizwi: unailoweka wiki na wiki, unapiga tabaka jembamba, unasubiri ishike, unarudia. Kinacholiwa hapo ni muda, na hakuna bosi anayependa kuona saidia fundi amekaa anasubiri ukuta.

Lakini pia sisemi kila gofu lisimamishwe. Jumba la Beit al-Ajaib kule Unguja, la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 wakiwa katikati ya matengenezo, wakafa watu 2. Mama mkwe akilitaja hadi leo anashika kifua. Na anayedhani jipya ndiyo salama akumbuke ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013: lilikuwa bado linajengwa, likaua watu 36. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza “fundi, tutengeneze au tubomoe?”, namuuliza kwanza paa linavuja tangu lini, halafu nani alipiga simenti. Asipokuwa na jibu, hata hilo jipya atakalojenga namhurumia.

Nyota 5, zote za ukuta. Chai ya pale sikunywa, siwezi kuisemea. Wenye magoti mabovu, ngazi mpande polepole.

Boti ilipotia nanga nilikuwa bado nimeinama kwenye kona moja ya chini. Mama mkwe akanipa mkono, akatazama vumbi jeupe lilivyojaa vidoleni, akauliza leo Jumapili nimeibia kazi wapi.