TAHADHARI: Wagonga milango baada ya mvua ya mawe, wenye nyumba Dallas someni hapa

Jamani wa Dallas na Fort Worth, haswa mlionunua nyumba juzijuzi, nilichopigwa mimi kisije kikawakuta. Mvua ya mawe imepiga jioni, kesho yake asubuhi kijana huyo mlangoni, fulana ina nembo ya kampuni, ngazi begani, eti anakagua paa bure mtaa mzima. Nikamwachia akapanda peke yake mi niko chini na chai yangu. Akashuka na picha kwenye simu, madoa meusi ya duara kibao, "paa limekwisha hili, bima inalipa lote, ile didaktibo yako tunakusamehe" (didaktibo ni sehemu ya gharama unayotoa mfukoni mwako, inayobaki ndo bima inalipa). Nikasaini kwenye tableti nikijua ni ruhusa tu ya kuongea na bima, kumbe mkataba mzima, na ukijitoa unalipa faini.

Mkaguzi wa bima alipokuja, mzee mmoja mtaratibu, hata ngazi hakuishusha kwanza. Alizunguka nyumba kwa chini akaangalia gata (mifereji ya maji ya paa), vifuniko vya mabomba ya hewa, na zile bati nyembamba za AC ya nje. Hakuna hata kibonyeo. Ndo akapanda akachora kwa chaki mraba wa futi 10 kwa 10 kila upande wa paa, akahesabu. Alama zote upande wa nyuma usioonekana barabarani, saizi moja, zimepangana kama mtu kapanda mahindi. Akasema hii nyundo.

Mawe ya kweli yanapiga ovyo, kubwa na dogo, na hayaruki bati. Kwenye kigae cha lami yanang'oa zile chembechembe panabaki peusi, ukiminya panabonyea kama embe lililopondeka. Chembe kujaa kwenye gata peke yake si ushahidi, paa kuukuu linamwaga chembe hata bila mvua. Kwa hiyo angalia AC na gata kabla hujamruhusu mtu apande, na akipanda arekodi video tangu mguu wa kwanza, sio picha tatu ambazo hujui ni za nyumba ya nani.

Halafu hiyo didaktibo. Nyumba imekatiwa bima ya dola 350,000, didaktibo asilimia 2 ni dola 7,000, nani anakusamehe elfu saba hamjuani? Texas tangu Septemba 2019 ni kosa kisheria fundi kukufutia, na bima inaweza kukudai risiti ya kuonyesha umeilipa. Na akikwambia ana leseni ya jimbo ya ufundi paa muongo, Texas haitoi.

Klemu yangu, yaani madai yangu kwa bima, imekataliwa na jamaa bado wananidai faini. Mkataba uliosainiwa nyumbani kwako unaruhusiwa kuuvunja kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi bila kulipa kitu, mimi nimelijua hilo siku ya tisa. Aliyesaini wiki hii ahesabu siku zake leo leo.