Kambi ya kutoa damu Mombasa: nyota nne kutoka kwa mtu asiyepiga kura

Anayetaka kujua tu kama sindano inauma: inauma kidogo inapoingia, basi. Wengine vumilieni maelezo, kwa sababu nilianza kwenda kwenye kambi hizi mwaka 2022, mwaka ule ule nilioamua kuacha kupiga kura, na kwangu mambo hayo mawili ni jambo moja.

Ninauza viungo Marikiti. Kura nilipiga 2013, nikapiga tena Agosti 2017, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, marudio ya Oktoba sikwenda. Ikaja 2022. Siku moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, tume ikatangaza kuwa kura ya gavana imeahirishwa Mombasa na Kakamega kwa kasoro za karatasi. Tukapangiwa tarehe 23, kisha ikasogezwa hadi 29. Sikukasirika hata. Nilichoka tu kungoja: ngoja tarehe, ngoja matokeo, ngoja mahakama, kisha ngoja miaka mitano uone kama uliyemchagua anakumbuka njia ya mtaani kwenu.

Kipindi hicho jirani yangu alijifungua akavuja damu nyingi. Jamaa zake wakaambiwa watafute watu wa kutoa. Usiku wa manane simu zinapigwa nyumba hadi nyumba, kila kikundi cha WhatsApp kinauliza nani ana grupu O. Mama anayevuja damu hana muda wa kungoja chochote. Ndiyo nikasema, mkono wangu huu nitaupeleka pale unapohitajika leo.

Kambi ninayoizungumzia hufanywa Jumapili, chini ya hema, na kikundi cha kujitolea pamoja na wahudumu wa afya. Kiingilio ni kitambulisho na fomu ya maswali. Unapimwa uzani, maana chini ya kilo 50 hawakuchukui, kisha presha, kisha unadungwa kidole. Tone la damu linadondoshwa kwenye chupa ya maji ya buluu. Likizama, damu yako ina nguvu ya kutosha. Likielea, unarudi nyumbani.

Langu liliwahi kuelea. Hapo ndipo huduma hii iliponishika moyo. Muuguzi hakunifukuza kama mzigo. Alivuta kiti akanieleza maini, mchicha, kunde, na kwamba nisiteremshie chakula kwa chai, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. "Mama, jijenge kwanza, sisi tupo." Wanawake tunapoteza damu kila mwezi, kwa hivyo kurudishwa si aibu, na sisi hupewa nafasi ya miezi minne kati ya kutoa na kutoa ilhali wanaume ni mitatu. Nilipojijenga nikarudi, na tone likazama.

Kutoa kwenyewe huchukua kama dakika kumi. Mililita 450, mfuko mmoja, painti kama tunavyoiita. Unafinya mpira mkononi, unazungumza na wa kitanda cha pili, umemaliza. Kisha soda na biskuti, na wanakukatalia kuinuka mapema hata ukijiona mzima. Wako sahihi, nimeona kijana mwenye misuli akianguka kwa haraka zake.

Mfuko unaondoka na namba. Jina halimo, chama hakimo, kabila halimo. Damu hiyo inapimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Ikiwa salama, inaweza kugawanywa: chembe nyekundu zinakaa kwenye friji hadi siku 35, za kugandisha damu siku tano tu. Ndiyo maana painti moja husaidia zaidi ya mgonjwa mmoja, na ndiyo maana akiba ya mwezi uliopita haitoshi mwezi huu. Sisi wa Pwani tuna watoto wengi wa selimundu, na malaria inawamaliza damu wadogo. Hawa hawapangi siku ya kuugua.

Sasa mapungufu. Walitangaza saa mbili asubuhi, wakaanza saa nne imepita. Kubwa zaidi ni maswali ya siri kuulizwa mezani huku foleni inasikia. Mwanamke ataulizwa habari za wapenzi na ujauzito mbele ya shemeji yake kweli? Shuka moja na kamba vingetosha. Nimewaambia, na nitawaambia tena.

Mjomba wangu, ambaye huwa karani wa kura, hakubaliani nami kabisa. "Mwanangu, mfuko wenyewe umenunuliwa na nani?" Hoja yake ina uzito. Kwa miaka mingi fedha za Marekani, kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na Ukimwi, zilibeba sehemu kubwa ya kazi ya damu hapa Kenya. Zilipokatika 2019, ukusanyaji ukatetereka vibaya, na pengo kama hilo huzibwa na bajeti, na bajeti hupitishwa na waliochaguliwa. Sina jibu kamili kwake. Ninachojua ni kwamba hata bajeti ikijaa, haiwezi kutengeneza damu. Lazima itoke kwa mtu. Wala simzuii yeyote kupiga kura. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22, na zaidi ya milioni saba kati yao hawakutokea. Ninaowaomba ni hao wenzangu: kama kura umeiacha, usiache na watu.

Ushauri kwa anayekwenda mara ya kwanza: kula vizuri, kunywa maji mengi tangu jana yake, vaa mikono mipana, na usibebe mzigo mzito siku hiyo kwa mkono uliodungwa. Na mtu akikutaka pesa akupe damu mlangoni mwa hospitali, mripoti. Damu haiuzwi.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja: ukishatoa, kimya. Uswidi mtoaji hutumiwa ujumbe wa simu damu yake inapotumika. Kwetu, ambapo hata muuza mahamri analipwa kwa simu, ujumbe huo mmoja ungewarudisha wengi wanaotoa mara moja na kupotea. Wakiuanzisha, nitarekebisha nyota hapa hapa.