Kabla hujalipia seti ya gesi ya gari, uliza injekta ni za nani

Malalamiko ninayopata kuhusu gari zilizobadilishwa kutoka petroli kwenda LPG, yaani gesi ya kimiminika kama ya mitungi ya jikoni, yanafanana mno. Gari ikiwa kwenye petroli iko poa, ukihamia gesi inaanza kutetemeka ikiwa imesimama inaunguruma tu, taa ya cheki injini inawaka, fundi anabadilisha plagi, anabadilisha koili, hela inaenda na shida iko palepale. Ukimuuliza mwenye gari alinunua nini anakutajia ukubwa wa tanki na jina la kompyuta ya gesi. Injekta? Zilikuja tu na seti.

Hapo ndipo watu wanapigwa. Injekta ndizo zinazoipimia kila silinda gesi yake, zinafunguka kwa milisekunde chache tu, na zile za bei ya kutupa kila moja inafunguka kwa kasi yake. Silinda moja inapata nyingi, nyingine kidogo, kompyuta inasoma moshi wa silinda zote kwa pamoja inaona wastani uko sawa, kumbe ile inayopunjwa inachemka kupita kiasi na valvu zake za egzosi zinaliwa taratibu. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ikishuka unaambiwa gesi inaua injini! Zipo kweli injini zenye siti laini za valvu ambazo gesi inazichosha, ya kwako iulizie mapema, ila hata injini imara haiwezi kuhimili injekta mbovu.

Kwa anayefunga nyumbani namba moja kwangu ni kompyuta ya gesi ya STAG ya Poland, na sifichi kwamba naipenda. Programu yake unaipakua bure, unachomeka kebo kwenye laptop, unaona muda wa injekta za petroli na za gesi kwa wakati mmoja na unarekebisha mwenyewe. Nunua kompyuta peke yake, injekta chukua Hana au Barracuda, na rediusa (kifaa cha kupunguza presha ya gesi kutoka kwenye tanki) ilingane na nguvu za injini yako. Halafu manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) ifunguliwe itolewe nje ndipo itobolewe matundu ya kuingizia gesi, maana vumbi la chuma likiingia ndani umeua injini, matundu yawe karibu na silinda hedi na mipira ya kutoka kwenye injekta iwe mifupi, yote urefu sawa.

Namba mbili Prins ya Uholanzi. Mfumo wao wa VSI unatumia injekta za Keihin, na kwa ubora wa injekta Prins iko juu ya STAG kabisa, shida ni programu wanaibania, kila marekebisho unamtegemea fundi wao. BRC na Landi Renzo za Italia ni nzuri pia, nazo ziko hivyohivyo. Seti rahisi za mixer, zinazochanganya gesi na hewa kabla ya manifoldi bila injekta, ni za gari ya kabureta, kwenye injeksheni achana nazo, injini ikirudisha moto inapasua manifoldi ya plastiki.

Tanki halina mjadala: liwe na alama ya ECE R67 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya LPG vya magari) na valvu inayokata ujazaji kwenye asilimia 80, mtungi wa jikoni usiufikirie hata kidogo. LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini kwenye buti, kwa hiyo hata kama kazi yote umefanya mwenyewe, paipu na tanki vikapimwe na fundi mwenye kibali.

Wauzaji sasa. Wanaandika "seti kamili ya Italia", ukifungua unakuta cha Italia ni rediusa tu, injekta hazina hata jina, na ukiomba picha ya injekta kabla ya kulipa unatumiwa picha ya boksi. Wanakuahidi matumizi yatashuka wakati lita za gesi zinapanda asilimia 15 hadi 25 kuliko petroli, unachookoa ni tofauti ya bei ya lita basi. Na ukitaka wakutolee zile injekta zao wapunguze bei ununue zako, wanakwambia seti haivunjwi.