Chaivu zenyewe sina neno nazo, muuzaji ndiye aliyeniudhi

“Dada, yote si majani ya kitunguu? Ukishakatakata kwenye yai nani ataona?”

Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji wa miche baada ya kumwandikia kwa heshima zangu zote. Nani ataona! Mimi nitaona, niliyelipa.

Niliagiza chaivu ya kawaida, kiungo cha jamii ya kitunguu, ile ya majani membamba ya mviringo, matupu ndani, inayotoa maua ya zambarau yaliyojikusanya kama mpira mdogo. Nilitaka kuizungusha ukingoni mwa tuta, ipambe bustani na bado niikate kwa matumizi ya jikoni. Tangazo lilikuwa na picha yake, na kibao kwenye chungu kiliandikwa Allium schoenoprasum, tena bila kosa la herufi. Majani yalipochangamka nikaona ni bapa. Nikafikicha moja, kiganja kizima kikanuka kitunguu saumu. Hiyo ni Allium tuberosum, chaivu-saumu, ambayo maua yake ni meupe na huchelewa kutoka. Jamaa moja, sawa, lakini siye niliyemwita.

Nikamtumia picha ya jani lililokatwa, upande kwa upande na picha ya tangazo lake mwenyewe. Akaniuliza: “Kwani wewe bwana shamba?” Baada ya hapo kila ujumbe ulisomwa, hakuna uliojibiwa. Kukosea mche kunatokea, miche ikiwa midogo hufanana. Ila kumkejeli mteja ili usirudishe pesa, hapana.

Na kuna jambo alipaswa kulisema hata kama mteja hajauliza: chaivu-saumu ukiiacha maua yakauke inamwaga mbegu, na msimu unaofuata unang'oa miche hadi kwenye nyufa za njia. Sasa nina kazi ya kukata vichwa vya maua kabla mbegu hazijaiva, kazi ambayo sikuiagiza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mmea wenyewe nimeupenda. Naukata nikiacha vidole viwili juu ya udongo, na siku chache tu baadaye umeshasimama tena. Yale maua meupe nyuki hawabanduki. Vikonyo vyake vikiwa na tumba bado changa vinalika vizima, wakati kikonyo cha ua la chaivu ya kawaida ni kigumu. Kwa hiyo niliandika nyota moja, nikafuta, nikaweka nne. Kisha nikalisoma tena lile la yai. Moja. Mmea una nne zake, lakini fomu hii haina pa kuutenganisha na aliyeuuza.

Bado naitafuta ya zambarau. Shina la chaivu hugawanywa kila baada ya miaka michache likishasongamana, kwa hiyo mwenye nalo akifika kuligawa, naomba kipande. Hata chembamba. Kibao sihitaji.